Mota Ndogo Iliyotembeza Roboti

Roboti za plastiki za kuunganisha zilizotoka Japani kati ya miaka ya 1960 na ya 1980 zilikuwa na sifa moja kubwa: nyingi za mwanzo zilitembea. Mtoto alinunua boksi la vipande, akavikata, akavibandika kwa gundi, akafunga mota kifuani na kutia mawe ya redio, yaani betri. Akiiweka sakafuni, inakwenda. Leo wakusanyaji hulipa fedha nyingi kwa boksi ambalo halijawahi kufunguliwa. Nawaelewa, lakini naona wanathamini kifuniko kuliko kilichomo. Utajiri wa vitu hivi ni mashine, na mashine hiyo inaweza kusomwa katika kijiji cha Lindi, mtaani Kibera, Nairobi, bila kuagiza chochote kutoka Tokyo.

Katika miaka ya 1960 kampuni ya Imai iliuza vipande vya Tetsujin 28, roboti mkubwa wa katuni za Mitsuteru Yokoyama zilizoanza mwaka 1956. Tamiya ya Shizuoka nayo ilitoa vifaru vya plastiki vilivyojiendesha. Kilichowezesha haya ni mota ndogo na za bei nafuu, na hapo jina kubwa ni Mabuchi, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1954. Mambo yalibadilika mwaka 1980, kampuni ya Bandai ilipoanza kuuza vipande vya roboti wa katuni za Gundam kwa yeni 300. Roboti hao walikuwa na viungo vya kukunjwa kwa mkono, si mota, na wakapendwa mno. Tomy ilishika njia ya zamani kwa Zoids, wanyama wa mashine waliotembea kwa springi au kwa betri.

Sasa tufungue kifua. Mota ya aina ya FA-130 ya Mabuchi ina uzito wa takriban gramu 17. Ndani yake mna sumaku mbili zilizotulia ukutani na koili za waya wa shaba zinazozunguka katikati. Umeme ukipita kwenye koili, koili hugeuka kuwa sumaku, ikavutwa upande mmoja na kusukumwa upande mwingine. Ingeishia hapo kama mkondo usingegeuzwa. Vibati viwili vyembamba, yaani brashi, hugusa pete iliyokatwa vipande kwenye mhimili, na kila koili inapokaribia kutulia mkondo hugeuka, mvuto unaanza upya. Kwa volti 1.5 tu, bila mzigo, mhimili huzunguka kama mara 9,000 kwa dakika.

Kasi hiyo haifai mguu. Roboti ingeanguka kabla ya hatua ya kwanza. Kwa hiyo gia ndogo ya meno 10 inazungusha kubwa ya meno 40, na kasi inapungua mara nne. Panga jozi nne za namna hiyo, na mizunguko 9,000 inabaki 35 hivi kwa dakika. Kilichopotea kwenye kasi hurudi kwenye nguvu ya kuzungusha, ukitoa kiasi kinacholiwa na msuguano. Gia ya mwisho ina kipini kilichopachikwa mbali na kitovu, kama pedeli ya baiskeli, nacho husukuma mguu mbele na kuurudisha. Kipini cha mguu wa pili huwekwa upande wa pili wa kitovu, ndiyo maana miguu hupokezana.

Adui wa roboti hizi ni kemia. Betri ya alkali iliyosahauliwa ndani huvuja haidroksaidi ya potasiamu, ikala vibati vinavyoshika betri na kuacha unga mweupe; siki kidogo kwenye pamba huuzima, kisha unafuta na kukausha vizuri. Mwanga wa jua hugeuza plastiki nyeupe kuwa ya manjano. Mpira laini ukiachwa umegusa plastiki ngumu, kemikali zinazoulainisha huhamia upande wa pili na kuiyeyusha polepole. Grisi nayo hukauka ikashika gia kama gundi, na mota ikilazimishwa hapo, koili huungua.

Mitumba ya soko la Toi, mlangoni mwa Kibera, haikosi vitu vya kuchezea vyenye mota iliyokwama. Redio za kaseti na mashine za DVD zilizokufa zina mota za jamii hiyohiyo, na mafundi wa jua kali huzifungua kila siku wakitafuta vipuri. Mjini Kikuyu, kaunti ya Kiambu, David Gathu na Moses Kiuna walitengeneza mkono wa roboti kwa mbao na taka za elektroniki. Kwangu mkono ule ni ndugu wa karibu wa Tetsujin: umeme umegeuzwa kuwa mwendo wa kiungo.

Mtaala wa umilisi wa Kenya unadai wanafunzi wafanye miradi kwa mikono yao, na wazazi wa Lindi wanajua gharama ya vifaa. Basi kabla ya kutupa redio au gari bovu la mtoto, toa betri, fungua skrubu, chomoa mota na gia zake. Ijaribu kwa jiwe moja la volti 1.5. Ikizunguka, mpelekee mwalimu wa sayansi wa shule iliyo karibu nawe.