Marekani: Madaktari wanaofunzwa kutibu kwa mikono

NI nadra kumwona mwanafunzi wa udaktari akilala kitandani huku mwenzake akimpapasa uti wa mgongo. Lakini katika vyuo vya ostiopathi nchini Marekani, hilo ni somo la kawaida.

Vyuo hivyo hutoa shahada ya DO, na wahitimu wake ni madaktari kamili. Huandikia wagonjwa dawa na hufanya upasuaji sawa na wenzao wa shahada ya MD. Nchini Uingereza mambo ni tofauti, kwani mtaalamu wa ostiopathi husajiliwa kivyake na hahesabiwi kuwa daktari.

Mwasisi wa taaluma hiyo ni Andrew Taylor Still, tabibu aliyefiwa na watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo mwaka wa 1864. Akiwa amekosa imani na dawa za enzi hizo, alitangaza nadharia yake mwaka wa 1874, na mnamo 1892 akafungua chuo mjini Kirksville, jimbo la Missouri.

Masomo huchukua miaka minne. Pamoja na mafunzo ya kawaida ya udaktari, mwanafunzi hutengewa takriban saa 200 za kujifunza tiba ya mikono, nyingi zikiwa za miaka miwili ya kwanza.

Hufunzwa kutambua dalili nne: misuli iliyobadilika, upande mmoja wa mwili kutolingana na mwingine, kiungo kisichosogea ipasavyo, na mahali panapouma pakibonyezwa. Kisha hujifunza kunyoosha misuli, au kumwelekeza mgonjwa asukume huku daktari akimzuia.

Muhimu zaidi, hufunzwa wakati wa kuuzuia mkono wake. Mgonjwa aliyevunjika mfupa, au ambaye mifupa yake imedhoofishwa na saratani, anaweza kudhuriwa na msukumo wa ghafla.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1999 katika jarida la New England Journal of Medicine ulionyesha kuwa wagonjwa wa maumivu ya mgongo waliotibiwa hivyo walipata nafuu sawa na wenzao waliopata matibabu ya kawaida, ila walihitaji dawa chache. Hata hivyo, madai kwamba kugusa mifupa ya fuvu huponya maradhi hayajapata ushahidi wa kutosha.

Kwa sasa, swali ni iwapo ujuzi huo utadumu. Madaktari wengi wa DO hawautumii sana baada ya kufuzu. Aidha, mtihani wa kitaifa wa vitendo, uliosimamishwa mwaka wa 2020 kutokana na janga la Covid-19, ulifutwa kabisa mwaka wa 2022.

Hivyo basi, jukumu la kuthibitisha ustadi huo limebaki mikononi mwa vyuo vyenyewe. Mtihani wa kuandika unaweza kupima anachokijua mwanafunzi, lakini hauwezi kupima vidole vyake.