Mkasi wa Kukatia Bati

Katika wilaya za Tarime na Serengeti nyumba nyingi zimeezekwa kwa bati, na mvua za milimani Tarime si haba. Ndiyo maana fundi bati hakosi kazi: hukata mabati ya paa, hutengeneza mifereji ya kukinga maji penuni, na ndoo, na makarai, hata koroboi. Chombo chake cha kwanza ni mkasi. Akichagua vibaya, bati la watu huharibika, nalo haliungiki upya kama nguo.

Basi, kwanza na atazame unene wa bati. Unene huo hupimwa kwa geji, na hapo wengi hukosea, kwa maana namba ikizidi, bati hupungua: bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28. Mkasi wa kawaida, wenye msumari mmoja wa katikati, hukata yote mawili. Mikono yake ni mirefu na makali yake ni mafupi. Huo ni wenzo, kama mtaimbo ung'oao jiwe shambani. Uko na mkasi mwingine, wenye wenzo juu ya wenzo, uliobuniwa kwa ajili ya mafundi wa ndege za angani. Huo hauchoshi mkono, lakini bei yake ni kubwa zaidi. Kwa fundi anayeanza, ule wa kawaida watosha.

Mkasi huo wa pili una namna tatu, na watengenezaji wengi huzitambulisha kwa rangi ya mikono: wa manjano hukata moja kwa moja, mwekundu hupinda kushoto, wa kijani hupinda kulia. Mtu akatapo kitako cha koroboi, ambacho ni mviringo mdogo, kwa mkasi wa kunyoosha, ukingo hutoka na pembe pembe, na mafuta huvuja kiungoni.

Kabla ya kulipa, shika mkono mmoja wa mkasi, utikise wa pili. Ukicheza upande upande, uache, kwa kuwa bati halitakatika, bali litakunjika kati ya makali. Kisha omba kipande ujaribu. Usiufunge mkasi mpaka ncha. Sukuma mbele kabla haujafunga, usije ukaacha vijino vikali vya kuchana vidole.

Waya na misumari isikatwe kwa mkasi huu kamwe. Hutia pengo makalini, na pengo hilo huonekana katika kila bati likatwalo baadaye.