Anwani Isiyokaa: Maana ya Namba ya IP Nyumbani

Neno anwani liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na mpaka leo lina maana mbili: jina la kitabu au makala, na maelezo ya mahali mtu apatikanapo. Ndani ya maana zote mbili mna wazo moja, nalo ni kudumu. Kitabu hakibadili anwani yake kila wiki, na sanduku la posta hubaki la mwenyewe maadamu analilipia. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 ilizidi kulitia nguvu wazo hilo nchini Tanzania, maana namba za nyumba zilibandikwa ukutani na majina ya barabara yakasimamishwa juu ya nguzo. Lakini neno hilohilo ndilo lililotwaliwa kutajia namba itambulishayo chombo ndani ya mtandao wa kompyuta, na namba hiyo haikai. Kwa hiyo tatizo lake ni la mitambo nusu, na nusu ni la lugha.

Mfano na uwe nyumba ya mwalimu huko Msangano, Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe. Mna ruta ndogo yenye laini ya simu, kompyuta moja, printa na simu mbili. Printa imepewa namba 192.168.1.5, na kompyuta imeagizwa kupeleka kazi zake kwenye namba hiyo. Usiku umeme wakatika. Unaporudi alfajiri, simu ya mgeni aliyelala hapo yawahi kuunganika, ikapewa 192.168.1.5, printa yafuata, ikapewa 192.168.1.7. Karatasi za mtihani sasa zapelekwa kwa simu, na hakichapwi kitu. Mwalimu adhani printa imekufa, aibebe mpaka Tunduma kwa fundi, naye fundi aione ni nzima. Nauli imepotea kwa sababu ya neno lililoahidi kudumu.

Tunduma penyewe pana mfano ulio sahihi zaidi, yaani nyumba za wageni ambamo hulala madereva wa malori yaendayo Zambia na Kongo. Chumba namba 5 si jina la dereva yeyote. Ni mahali alipolala jana, na leo huenda amelala mwingine. Ruta ni msimamizi wa nyumba hiyo, na kanuni aifuatayo huitwa DHCP, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1993. Chombo kinapoingia huita mtandao mzima kikiuliza ni nani agawaye namba, ruta hujibu kwa kutaja namba iliyo wazi, chombo huiomba, ruta huithibitisha, na kutaja muda wake. Kwa kawaida nusu ya muda ikipita, chombo huomba kuongezewa, na kikikubaliwa hubaki na namba ileile.

Basi namba hubadilika kwa sababu zinazojulikana. Chombo chaweza kukaa mbali mpaka muda wake ukaisha, na chumba kikapewa mwingine. Ruta yaweza kuzimika ikasahau daftari lake la wageni. Tena, simu nyingi za miaka ya karibuni hujitambulisha kwa namba za kubuni ili zisifuatiliwe. Simu ikibadili utambulisho huo, ruta huiona kuwa mgeni mpya.

Kiswahili kina vitenzi vya jambo hili: kupanga na kupangisha. Lakini kupanga ni pia kuweka mambo kwa taratibu; hivyo mtu asomaye “kompyuta imepanga anwani” aweza kudhani imeziweka katika safu. Kupangisha hakuna utata huo. Ikisemwa kwamba ruta hupangisha anwani, msomaji huelewa mara moja kuwa kuna mwenye mali, kuna mkaaji, na kuna muda wa kuhama.

Namba zianzazo na 192.168 zilitengwa mwaka 1994 kwa matumizi ya ndani tu. Nyumba ya Msangano na nyumba ya Muscat zaweza kuwa na 192.168.1.5 kila moja bila kugongana. Kwa nje hutumika namba nyingine. Mfumo wa zamani una namba zipatazo bilioni 4.3 kwa dunia nzima, nazo hazitoshi. Kwa hiyo kampuni za simu huweza kuwaweka wateja wengi nyuma ya namba moja. Hili si jambo dogo, kwa kuwa Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015. Namba ya IP peke yake haimtaji mtu, kama vile namba ya chumba isivyomtaja mgeni pasipo tarehe, saa na daftari.

Dawa ya mwalimu ni nyepesi. Ruta nyingi huruhusu namba moja itengwe kwa chombo kimoja, asipewe mwingine hata chombo hicho kikizimwa. Printa ikitengewa namba yake, umeme waweza kukatika na kurudi, na mtihani ukachapwa. Hapo tu ndipo neno anwani hurejea katika maana yake ya asili.