Kufasiri Misemo ya Kiingereza Ielezayo Mienendo ya Watu

Makala haya yanazungumzia tatizo linalowakabili mara kwa mara wafasiri, walimu na watumishi wa serikali, nalo ni misemo ya Kiingereza inayosifu au kushutumu mwenendo wa mtu. Msemo wa namna hiyo hautoi habari tu, bali hutoa na hukumu. Mfasiri akiukosea, humtwika mtu kosa asilolitenda.

Jambo la kwanza ni maana. Mtu asiyetaka kusema jambo waziwazi, Waingereza husema anapiga kandokando ya kichaka, usemi uliotokana na uwindaji wa ndege. Mfasiri mwenye haraka huweza kukumbuka kwamba Kiswahili nacho kina "kuzunguka mbuyu", akadhani amepata kisawe. La hasha! Kuzunguka mbuyu ni kutoa hongo. Shahidi aliyesitasita mahakamani atakuwa amegeuzwa mtoa rushwa katika kumbukumbu za kesi, hali ilitosha kuandika kwamba hakujibu bayana.

Hatari hiyo imo pia katika misemo itumiayo viungo vya mwili. Waingereza husema sheria ina mkono mrefu, yaani humfikia mhalifu popote alipo. Kwa Waswahili mwenye mkono mrefu ni mwizi, na mwenye mkono wa birika ni bahili. Hata hivyo, pengine lugha hizi mbili huafikiana: katika zote mbili mwenye majivuno amevimba kichwa. Mfasiri asikatae ulinganifu unapokuwapo, wala asiubuni usipokuwapo.

Jambo la pili ni uzito wa lawama. Mtu asiyechagua upande, Waingereza husema amekalia uzio. Mfasiri akiandika kwamba mtu huyo "hafungamani na upande wowote", msomaji wa Tanzania atayaona maneno hayo kuwa ya heshima, kwani ndiyo yaliyoeleza sera ya nchi yake kuhusu mataifa makubwa. Lawama imepotea. "Kigeugeu" nalo halifai, maana huyo hubadili msimamo. Wala "ndumilakuwili", maana huyo huzihadaa pande zote mbili. Aliyekalia uzio hajabadilika wala hajahadaa. Anangoja tu kuona nani atashinda. Basi na iandikwe hivyo hivyo.

Jambo la tatu ni taswira. Kutokana na mchezo wa karata uitwao poka, Wamarekani husema kwamba mtu akwepaye wajibu humsogezea mwenziwe alama ya zamu ya kugawa karata. Rais Harry Truman, aliyeongoza Marekani kuanzia 1945 hadi 1953, alikuwa na kibao mezani pake kilichotangaza kwamba alama hiyo hukomea hapo. Kiswahili hakina haja ya karata: ofisi zinapokwepa wajibu, twasema zinatupiana mpira. Taswira imebadilika, lakini maana na lawama zimebaki.

Kwa hiyo mfasiri hana budi kujiuliza: Mtu huyu ametenda nini hasa? Analaumiwa kwa kiasi gani? Je, msemo niliouchagua una maana nyingine kwa msomaji? Penye shaka, na atumie maneno ya kawaida. Taarifa kuhusu mtumishi haipungukiwi kitu kwa kukosa nahau, lakini mtumishi huyo aweza kupoteza kazi kwa nahau iliyokosewa.