Sodiamu Inaposhuka Baada ya Upasuaji wa Ubongo

Sodiamu katika damu ya mtu mwenye afya huwa kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Inaposhuka chini ya hapo, maji hutoka kwenye damu na kuingia ndani ya seli, nazo huvimba. Misuli ikivimba kidogo ina pa kutanukia. Ubongo umebanwa na fuvu pande zote, na uliotoka kupasuliwa mara nyingi umeshavimba. Mgonjwa huanza kuumwa kichwa, kutapika na kusinzia, dalili zinazopuuzwa kwa urahisi kwa kuwa hutarajiwa kwa yeyote aliyetoka chumba cha upasuaji. Zikiachwa hufuata kuchanganyikiwa, degedege na kupoteza fahamu.

Kabla ya kutibu, sharti ijulikane sodiamu imeshukaje. Mara nyingi chanzo ni vasopresini, homoni ya ubongo inayoziagiza figo kurudisha maji mwilini. Ubongo ukijeruhiwa, homoni hiyo humwagwa hata isipohitajika. Maji huzidi na sodiamu huzimuliwa. William Schwartz, Frederic Bartter na wenzao waliieleza hali hii mwaka 1957, kwa wagonjwa wawili wa saratani ya mapafu. Lakini tangu mwaka 1950 John Peters na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walikuwa wameeleza jambo jingine: wagonjwa wa ubongo ambao figo zao zilipoteza chumvi kwenye mkojo, na maji yakaifuata.

Maabara haitenganishi hali hizi mbili vizuri, kwa sababu katika zote mkojo huwa mzito na wenye sodiamu nyingi. Kinachozitenganisha ni kiasi cha maji mwilini. Anayepoteza chumvi hukauka mdomo, moyo humwenda mbio, uzito hupungua, na mkojo wake huzidi anachokunywa. Ndiyo maana karatasi ya muuguzi ya maji yanayoingia na kutoka, ikijazwa kwa uaminifu, ni kipimo kikubwa kuliko inavyodhaniwa.

Tiba za hali hizi mbili zinapingana. Aliyejaa maji hupunguziwa kinywaji hadi karibu lita moja kwa siku, pengine akiongezewa vidonge vya chumvi au yurea. Dripu ya kawaida ya asilimia 0.9 yaweza kumshusha zaidi, kwani figo hutoa chumvi yake na kubakiza maji. Aliyepoteza chumvi huhitaji dripu hiyohiyo, na wakati mwingine fludrokotisoni, dawa inayozisaidia figo kushika sodiamu. Kumnyima maji ni hatari, hasa ikiwa alivuja damu kuzunguka ubongo: mishipa yake huweza kujikaza, na damu ikipungua sehemu ya ubongo hufa. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, kunyima maji hakufai hata pale chanzo kinapotiliwa shaka.

Degedege au kuzimia hakusubiri uchunguzi. Hutolewa maji ya chumvi ya asilimia 3, mililita 100 hadi 150 kwa dakika 10 hadi 20, na hurudiwa ikibidi. Sodiamu ikipanda milimoli 4 hadi 6 tu, kwa kawaida hatari ya papo hapo hupungua.

Baada ya hapo pupa ndiyo adui. Sodiamu ikikaa chini kwa takriban siku mbili, seli za ubongo huwa zimetoa sehemu ya chumvichumvi zake ili zisivimbe. Sodiamu ikipandishwa haraka, seli hizo hunyonywa maji, na ala ya mafuta inayofunika neva huharibika, hasa kwenye shina la ubongo. Siku chache baadaye mgonjwa huweza kushindwa kusema na kumeza. Kwa hiyo upandaji hauruhusiwi kuzidi milimoli 8 hadi 10 kwa saa 24, na kwa mwenye utapiamlo, mlevi wa kupindukia au mwenye potasiamu ndogo, 8 ndiyo mwisho. Ukizidi, sodiamu hurudishwa chini kwa maji yasiyo na chumvi pamoja na desmopresini, dawa inayofanya kazi kama vasopresini.

Upasuaji wa tezi ya pituitari kupitia puani una hatari yake ya pekee. Sodiamu hushuka kwa kuchelewa, kati ya siku ya 4 na ya 10, mgonjwa akiwa pengine ameshapewa ruhusa. Upungufu wa homoni ya kotisoli nao huweza kuishusha, na tiba yake ni haidrokotisoni, dawa inayochukua nafasi ya homoni hiyo. Mgonjwa huyu anapaswa kuelezwa dalili kabla hajaondoka, anywe kwa kadiri ya kiu, na apimwe damu karibu na siku ya 7 hata akijiona mzima.