Siri ya Mikono ya Mpiga Ngoma

Watu wengi wakimtazama mpiga ngoma hodari wa bendi ya dansi, mikono yake ikienda kwa kasi isiyofuatika kwa macho, husema kwamba mtu huyo amezaliwa na kipaji. Kauli hiyo ina madhara yake shuleni. Mwanafunzi anayeshindwa siku ya kwanza huweka mikwiro chini, akiamini kwamba yeye hakujaliwa. Je, ni kweli kwamba mikono hodari huzaliwa, au hutengenezwa?

Alfabeti ya ngoma

Wapigaji wa seti ya ngoma hujifunza kwanza mapigo ya msingi, yaani mafungu mafupi ya mapigo ya mkono wa kulia na wa kushoto. Mengi ya mapigo hayo yalitokana na ngoma za majeshi ya Ulaya, zilizoongoza mwendo wa askari na kupeleka amri. Mwaka 1933 wapiga ngoma waliokutana Chicago, Marekani, walichagua mapigo 13 ya lazima. Baadaye yakaongezwa mengine 13. Mwaka 1984 Percussive Arts Society ilitoa orodha ya mapigo 40.

Mojawapo huitwa paradidoli. Ikiwa K ni mkono wa kulia na S ni mkono wa kushoto, pigo hilo huandikwa hivi: K S K K, S K S S. Ni jepesi kulisoma, lakini si jepesi kulipiga sawasawa.

Ubongo na muda

Metronomu ikipiga mara 60 kwa dakika, na mpigaji akipiga mara nne katika kila mlio, kila pigo hupata robo ya sekunde. Metronomu ikifika 120, muda huo hupungua hadi sekunde 0.125. Lakini mtu aliyesikia sauti huhitaji takriban sekunde 0.15 kabla ya kuanza kuuitikia mlio huo kwa mkono. Kwa hiyo mpigaji hawezi kusikia pigo moja, akaamua, kisha akapiga linalofuata.

Mwanasaikolojia Karl Lashley alitumia hoja ya namna hiyo mwaka 1951. Alieleza kwamba vidole vya mwanamuziki vyaweza kufikia mapigo 16 kwa sekunde, na kwamba mfuatano wa haraka kiasi hicho hapana budi upangwe na ubongo kabla haujatendwa. Mazoezi ndiyo yanayoujenga mpango huo. Mapigo manane yaliyokuwa amri nane huwa amri moja, na fikra za mpigaji hubaki huru kuwasikiliza wenzake.

Hapo ndipo ilipo hatari ya kuharakisha. Ubongo hauchagui: kosa linalorudiwa hujengeka kama vile pigo sahihi linavyojengeka. Anayeanza polepole, akaongeza mwendo pale tu mapigo yanapolingana, hufika mapema kuliko anayekimbia.

Kutoka pigo hadi mdundo

Mapigo ya msingi hayakukusudiwa kuishia kwenye ngoma moja. Mpigaji aweke mkono wa kulia kwenye tuasi na wa kushoto kwenye ngoma ndogo yenye nyuzi za chuma, kisha apige paradidoli ileile. Pigo la tano, ambalo ni la mkono wa kushoto, alipige kwa nguvu. Mengine ya mkono huo yawe hafifu. Mguu upige ngoma kubwa kwenye pigo la kwanza. Papo hapo zoezi huwa mdundo wa kuchezeka.

Akitaka kionjo cha kupamba mwisho wa ubeti, arudishe mikono yote miwili kwenye ngoma ndogo, ila pigo la kwanza la kila fungu alihamishie kwenye ngoma nyingine. Mfuatano wa mikono haukubadilika. Kilichobadilika ni mahali na nguvu ya pigo.

Jaribio la darasani

Jaribio hili halihitaji ngoma. Vijiti viwili na dawati vyatosha. Mwalimu agawe darasa katika makundi mawili. Kundi la kwanza lifanye mazoezi ya paradidoli kwa dakika 10 kila siku kwa siku sita; kundi la pili lifanye dakika 60 kwa siku moja. Baada ya wiki moja tangu kila kundi lilipomaliza mazoezi yake, kila mwanafunzi apige kwa dakika moja huku akihesabu kwa sauti kurudi nyuma kutoka 100, akipunguza tatu kila mara. Makosa yaandikwe na wastani wa makundi ulinganishwe.

Anayeweza kupiga na kuhesabu kwa pamoja ameonyesha kwamba pigo limeanza kujiendesha lenyewe. Na yule aliyeweka mikwiro chini siku ya kwanza aichukue tena na kurekodi makosa yake kila siku. Namba katika daftari lake zitamjibu swali la kipaji vizuri kuliko kauli za watu.