Mwenye Uso wa Ardhi na Mwenye Kilicho Chini Yake

Katika nchi nyingi za dunia, na za kwetu zimo, madini yaliyomo ardhini ni mali ya dola, hata kama shamba lililo juu yake lina mwenyewe. Ila Marekani ilishika kanuni nyingine, kwamba anayemiliki ardhi humiliki pia makaa, mafuta na gesi iliyo chini yake, naye ana hiari ya kuviuza pamoja na ardhi au kuvitenga na kuviuza peke yake. Kutokana na hiari hiyo ilizaliwa biashara kubwa ya haki za madini, na kutokana na biashara hiyo limezuka jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki huenda asilifikirie upesi: shamba moja huwa na mabwana wawili, mmoja anayelima juu na mwingine mwenye kilicho chini, na sheria aghalabu humtanguliza huyu wa chini, kwa hoja kwamba mali yake haina faida kama hawezi kupita juu ili aifikie.

Hapana mahali palipodhihirisha uzito wa jambo hilo kuliko milima ya mashariki ya Kentucky. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 mawakala walizunguka bonde kwa bonde wakinunua haki za makaa ya mawe kwa wakulima, na mashuhuri miongoni mwao alikuwa John C. C. Mayo, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla hajawa tajiri. Bei ilikuwa kama nusu dola, au dola chache tu, kwa eka moja. Hati waliyotia saini ilikuwa ndefu kupita kiasi: ilimpa mnunuzi si makaa peke yake, bali na ruhusa ya kupasua barabara, kutumia maji ya vijito, kukata miti ya kuegemezea mashimo na kurundika kifusi, kisha ikamwondolea dhima ya hasara itakayompata mwenye shamba. Wengi hawakujua kusoma. Walichora alama ya msalaba mahali pa jina, wakapokea fedha, wakarudi kulima mahindi yao wakiamini kwamba hawakupoteza kitu, kwa kuwa uchimbaji walioujua wao ulikuwa wa watu wachache wenye sururu, waingiao mlimani kwa tundu moja na kutoka kwa tundu lilo hilo.

Yaliyowafika wajukuu wao yalikuwa mengine kabisa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia makampuni yalianza kuchimba kwa matingatinga, yakiubandua mlima kutoka juu na kuyamwaga mawe na udongo mteremkoni, juu ya makonde, visima na hata makaburi. Wenye mashamba walipokwenda mahakamani, mahakama ya juu ya jimbo iliamua mwaka 1956 kwamba hati zile za kale ziliruhusu hata uchimbaji huo, na kwamba fidia haidaiwi ila pale mchimbaji alipotenda kwa ujeuri au kwa nia mbaya. Hivyo babu aliyeuza kitu asichokiona alihesabiwa kuwa amekubali, kwa niaba ya kizazi kisichozaliwa, kuharibiwa kwa kitu kile kile alichodhani amekibakiza.

Mnamo Novemba 1965, katika wilaya ya Knott, mjane mmoja aitwaye Ollie Combs, mwenye umri wa miaka 61, alijilaza mbele ya tingatinga lililokuwa likifanya kazi juu ya nyumba yake. Maafisa wa usalama walimbeba, mmoja akishika mikono na mwingine miguu, wakamtia gerezani. Na picha yake akila chakula cha sikukuu ya Shukrani nyuma ya nondo ilienea nchi nzima. Kampuni ilikuwa na karatasi halali, naye hakuwa na karatasi yoyote ya kuikanusha; na hata hivyo kila aliyeiona picha ile alitambua kwamba pana dhulma. Watu wa Kentucky walihitaji zaidi ya miaka 20 baadaye kuitafsiri fahamu hiyo kuwa sheria: mwaka 1988 wapiga kura, zaidi ya wanne kwa kila watano, walirekebisha katiba ya jimbo ili hati isiyotaja namna ya uchimbaji ihesabiwe kuruhusu zile namna tu zilizojulikana katika eneo lile wakati ilipotiwa saini, na mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaitangua rasmi hukumu ya 1956.

Nimeirefusha habari hii kwa kuwa ndani yake limo jambo ambalo wafanyabiashara wa haki za madini hupenda kulipita: dhima yao huanza mezani, siku ya saini, kabla ya jembe la kwanza. Wakala anajua thamani ya kilichomo chini, anajua mitambo itakayokuja, na anajua maana ya kila kifungu. Mwenye shamba aghalabu hajui hata moja katika hayo. Tuchukue mkataba wa gesi wa siku hizi katika jimbo la Pennsylvania, ambako sheria ya mwaka 1979 yaamuru kwamba mrabaha wa mwenye ardhi usipungue sehemu moja ya nane. Gesi ikiuzwa kwa dola 1,000, mkulima hutarajia dola 125. Lakini mkataba ukisema kwamba thamani hupimwa pale kisimani, na kampuni ikatoa kwanza, tuseme, dola 400 za kusafisha, kushindilia na kusafirisha gesi hiyo hadi sokoni, basi sehemu ya nane ni ya dola 600, nayo ni dola 75. Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilikubali mwaka 2010 kwamba hesabu ya namna hii haivunji sheria. Na iwe halali. Mimi nashikilia kwamba wakala asiyemwandikia mkulima hesabu hiyo kwa tarakimu, mbele ya macho yake na kabla hajashika kalamu, amemhadaa, na hakuna zahanati wala uwanja wa mpira utakaojengwa baadaye kijijini utakaoifuta hadaa hiyo.

Maji nayo yana kisa chake. Pennsylvania, kwa sheria ya mwaka 2012, iliweka dhana kwamba kisima cha maji kilichoharibika ndani ya futi 2,500 za kisima cha gesi ya miamba, katika miezi 12 tangu kazi, kimeharibiwa na mchimbaji, mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Kwa dhana hiyo kupima maji ya majirani kabla ya kuchimba ni maslahi ya kampuni yenyewe, na mkulima hupata nakala ya vipimo anayoweza kuiweka sandukuni. Huu ni mfano mwema wa sheria iliyoweka mzigo wa ushahidi juu ya mwenye uwezo wa kuubeba.

Je, haya yatuhusu sisi, ambao madini yetu hayauzwi na mkulima? Kenya imeyaweka katika ardhi ya umma kwa katiba ya 2010, na sheria yake ya 2016 inaitengea jamii ya mahali asilimia 10 ya mrabaha. Tanzania imeyaweka mikononi mwa Jamhuri, na humtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, utakaokubaliwa na mamlaka ya serikali za mitaa, yaani halmashauri. Hayo ni mema, wala sitaki yapunguzwe. Lakini halmashauri siyo iliyopanda mikorosho inayong'olewa kupisha mgodi, na darasa jipya huwafaa watoto wa aliyehamishwa sawasawa na watoto wa ambaye hakuguswa. Fidia ya mazao, ya nyumba, ya usumbufu na ya uhamisho ni deni kwa mtu mwenye jina lake, na deni halilipwi kwa hisani anayopewa mwingine. Ofisa wa kampuni anayepeleka mpango wake halmashauri yapasa kwanza aende na daftari linaloonyesha kila mwenye shamba ndani ya leseni ni nani, alielezwa nini na kwa lugha gani, amelipwa kiasi gani na tarehe ngapi, na nani bado anadai.